Vidonge vya Mke Mwenzangu

Kuna kanga iliyovuma sana Palma wakati ule, imeandikwa: Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilinunua doti nzima nikaivaa mwezi mzima mbele ya mke mwenzangu, nikidhani nampiga kijembe. Msemo ule ulinigeukia. Nilishiriki wivu asubuhi na jioni nikanenepa. Aliyekonda ni yeye, ambaye sijapata kumwona akimwonea mtu kijicho hata siku moja.

Ilikuwa miaka ya gesi. Kila baada ya muda tulisikia imeonekana tena huko chini ya bahari, nyingi kuliko ya mwanzo, na mji wetu mdogo ukajaa wageni wenye kofia ngumu na viatu vizito. Helikopta zilipita juu ya mapaa wakati wa kuanua nguo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiwafundisha kwa Kireno watoto wanaoota kwa Kiswahili. Mume wangu, aliyezoea kuendesha lori bovu la korosho, alipata udereva kwenye kampuni moja ya watafuta gesi, akawa anapeleka watu Pundanhar na kuwarudisha kwa ile barabara mbaya. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya miezi sita akarudi na habari ya mke wa pili.

Sikulia. Nilimuuliza kama mabinti watatu hawakumtosha, akasema dini imemruhusu. Dini naijua, nimesoma chuoni kabla yake. Ambalo hakulisema, nami nililisikia vizuri, ni kwamba alitaka mtoto wa kiume, na mimi tangu binti wa mwisho nilikuwa sishiki mimba tena. Kwa hiyo alipomjengea mwenzangu chumba upande wa pili wa ua, mimi sikuogopa uzuri wake wala ujana wake. Niliogopa tumbo lake. Siku atakayozaa mvulana, nilijiambia, mimi nitakuwa mgeni katika nyumba niliyoipaka chokaa kwa mikono yangu.

Basi nikawa namwangalia. Macho hayana pazia, na yangu hayakuwa hata na mlango. Niliangalia anakula nini, anaoga mara ngapi, anafua nini na hafui nini. Alikula sahani mbili za wali na samaki, akaongeza muhogo, na bado kiuno chake kilizidi kuwa chembamba. Mimi nikionja kipande tu cha muhogo, gauni linanibana. Alisema joto linamsumbua, mume akamnunulia feni. Feni! Mimi nilimzalia watatu nikijipepea kwa kipepeo cha ukindu. Alipita uani mbiombio, hana hata saa moja ya kukaa, akamaliza kazi zake na kuanza zangu, na wanawake wa jirani wakasema, "Hee, mwenzio ana nguvu huyo." Macho yake yalikuwa makubwa, yanang'aa, kana kwamba kila wakati ameletewa habari njema. Wakamsifu kwa hayo pia.

Aliponimiminia chai, bangili zake zililia. Nilijua anazitingisha makusudi ili nizisikie. Alikuwa hatoki bila kujifunga mtandio mpaka chini ya kidevu, hata mchana wa jua kali, nami nikajua kuna mkufu wa dhahabu ambao sijaonyeshwa. Mambo yote haya niliyaona kwa macho yangu, na hakuna hata moja nililolielewa.

Kisha mume akampeleka Mtwara. Walivuka Ruvuma wakakaa huko siku nne, yeye na mume na mama yake mzazi, na waliporudi waliniambia walikwenda kuwaona jamaa. Mimi Mtwara nilikuwa naisikia tu. Niliwapokea mizigo, nikawapikia, nikaingia chumbani kwangu nikauma mto.

Baada ya safari ile akaanza kubadilika. Alitulia. Mikono ikaacha kutikisika, akalala mchana kama watu wengine, mashavu yakajaa, kiuno nacho kikaanza kurudi. Sasa mwanamke anayerudi kutoka Mtwara na mwili unaojaa, sisi wa pwani hii tunajua amekwenda kufuata nini. Wanawake wetu wakitaka uzazi huvuka mto. Kuna wenye dawa za miti na wenye dawa za hospitali, na kila mtaa una mtu aliyerudi na ujauzito. Nikahesabu siku za nguo zake za mwezi kwenye kamba. Hazikuwa zimeonekana tangu kabla ya safari.

Siku moja niliingia chumbani kwake kuchukua mbuzi yangu ya kukunia nazi. Yeye alikuwa kisimani. Chini ya mto wake palikuwa na bahasha ndogo ya dawa, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu, kwa Kiswahili safi: Kimoja mara tatu kwa siku. Usiache hata siku moja.

Nilisoma mara mbili. Mimi mwalimu, niliyejivunia kusoma, nilisoma kila neno na nikaona nilichotaka kuona. Dawa gani hii isiyoachwa hata siku moja kama si ya kumshikisha mtu mimba? Niliitia bahasha ndani ya upindo wa kanga nikatoka, na mbuzi nikaisahau. Niliifungia sandukuni, chini ya nguo za mabinti walipokuwa wachanga. Sikuitupa. Mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa, na sitajipamba kwa kusema Mungu alinizuia. Nadhani nilitaka tu kuwa na kitu chake.

Yeye hakuuliza. Nilimwona akipindua godoro, akikung'uta mito, akitafuta hata ndani ya chungu cha maji, na kila alipokutana na macho yangu akatabasamu akasema anatafuta pete. Ruvuma ilikuwa imejaa, wavukaji walisubiri, na mume alishasema hatamwomba bosi ruhusa nyingine mpaka mwezi uishe. Hakumwambia mtu kilichopotea. Zikapita kama siku kumi na mbili. Bangili zikaanza kulia tena. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi: mwili ule uliokuwa unajaa ukaanza kupungua.

Ijumaa moja asubuhi nilisikia ubani. Siku mbili nyuma alikuwa akilalamika koo, anameza mate kwa shida, na mama yake akaja kumuuguza. Sasa moshi ulitoka chumbani kwake mpaka uani. Niliingia nikiwa nimekunja uso, kwa sababu jini katika nyumba ya mke mdogo mwisho wake huwa ni kumnunulia vitu: leo kitambaa, kesho marashi, keshokutwa pete.

Alikuwa amefunikwa mablanketi mawili, chetezo kiko chini ya kitanda, mama yake anamshika mabega.

"Usimsogelee, mwanangu," mama yake akaniambia. "Kapandwa. Tangu alfajiri anasema maneno hayaeleweki. Anataka kitambaa chekundu jini huyu."

"Anataka hewa," nilisema, kwa ukali tu, si kwa elimu.

Nilivuta blanketi la juu. Jasho lilikuwa limelowesha godoro. Nilimgusa paji nikauondoa mkono haraka, maana mwili ule ulikuwa unachoma. Mtandio ulikuwa umemdondoka, na kwa mara ya kwanza niliiona shingo yake. Hapakuwa na mkufu. Palikuwa na uvimbe laini, mpana, chini ya koo, na pembeni yake mshipa ukidunda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyelala. Macho yake yalinitazama bila kunijua. Alikuwa ametapika, amejichafua, na vidole vyake vilikuwa vikichezacheza juu ya shuka.

"Dada," alisema ghafla, akimwambia ukuta, "nimetafuta kila mahali."

Nilijua anatafuta nini.

Mama yake na mimi tuligombana juu ya kitanda kile kama wauza samaki. Yeye anafunika, mimi nafunua. Nilikitoa chetezo nikakimwaga uani. Mume alikuwa ameingia na gari la kampuni kunywa chai. Nilimwita kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu, tukambeba tukampeleka kituo cha afya.

Tabibu wa zamu alikuwa binti wa Kimakonde kutoka uwanda wa juu, bado mwembamba kama mwanafunzi. Alimchoma kidole kupima malaria, akasubiri, akatikisa kichwa. Akapima homa, zaidi ya arobaini. Akaushika mkono wa mgonjwa akitazama saa, akarudia tena akidhani amekosea.

"Malaria hapana," alisema. "Na moyo huu mbio sana, hata kwa febre, homa hii, ni mbio sana. Ameanza lini kuumwa?"

"Juzi," mume akajibu.

"Kabla ya juzi alikuwa mzima kabisa?"

"Mzima kabisa," akasema mume wangu, na mama mtu akaitikia.

Hapo nilishindwa kunyamaza. Nilisema hapana. Nilisema tangu mvua za mwaka uliopita anakula chakula cha watu wawili na anakonda. Nilisema anaoga mara nne kwa siku, hawezi kulala bila feni, mikono inamtetemeka hata akishika kikombe, nywele zinatoka kwenye kitana, choo anakwenda mara nyingi, na siku zake za mwezi zilianza kupungua hata kabla ya kwenda Mtwara. Nilisema macho yake hayakuwa makubwa hivyo siku ya harusi. Nilisema alitulia baada ya Mtwara kwa muda wa miezi miwili, kisha yamerudi yote, ni wiki hii ya pili. Nilitaja kila kitu kwa mpangilio kama ninayesoma daftari la mahudhurio. Mume alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa ameoa wake wawili.

Tabibu aliandika haraka. Kisha aliinama akapapasa ule uvimbe shingoni, taratibu, akaweka na kipima moyo juu yake.

"Mama huyu kaniambia ugonjwa wote," alisema. "Kuna tezi hapa shingoni, tiroide. Kazi yake kuupa mwili kasi. Hii imezidi, na sasa imefyatuka. Watu hufa kwa hii, tena haraka. Alikuwa anameza dawa?"

Mama mtu akaanza kulia. Akasema ndiyo, walipewa Mtwara, wakaficha kwa sababu ya aibu. Rovu la shingo, na mke mwenza ndani ya ua mmoja, angechekwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa hilo siwezi kumlaumu. Ningemcheka kweli.

"Anameza kila siku," mume akasema. "Mimi mwenyewe nilimwambia asiache."

Tabibu alitoka nje kumpigia simu daktari wa Pemba, ile Pemba ya huku Msumbiji. Tulimsikia akirudia maelekezo kwa Kireno, na mimi peke yangu kati ya watatu nilielewa yote. Aliporudi alitueleza polepole. Dawa ya kupunguza mbio za moyo anayo. Sindano ile wanayowapa wenye pumu anayo. Maji ya mshipani, dawa ya koo, na ya kushusha homa, vyote vipo, ila aspirini asipewe kamwe. Na maabara kuna kichupa cha iodini, matone machache yanaweza kuifunga hiyo tezi isimwage zaidi.

"Lakini iodini siwezi kutoa kwanza," alisema. "Lazima atangulie kumeza dawa ya tezi, ndipo baada ya saa moja nimpe matone. Nikianza na iodini, ni kama kuutilia moto kuni. Na hiyo dawa ya tezi hapa hatuna. Mocímboa nimeuliza, hakuna. Pemba ipo, ni mbali, hafiki. Hivyo vidonge vyake viko wapi?"

Mama mtu alisema huenda viko chini ya mto. Mume akasema atakwenda kutafuta. Nilimwona akitoa funguo za gari, na nikaona jinsi itakavyokuwa: atapindua chumba kizima, atarudi mikono mitupu, na hakuna atakayejua. Mke mwenzangu atazikwa kesho kabla ya adhuhuri. Nitavaa nyeusi, nitalia kwa sauti kuliko wote, na ua wote utakuwa wangu.

Nalisema hili kwa sababu lilinipitia. Halikukaa hata kwa pumzi moja, lakini lilinipitia.

"Usipoteze muda chumbani kwake," nilisema. "Viko sandukuni mwangu."

Kisha tabibu akauliza, si kwa hasira, "Kwa nini, mama?"

"Nilidhani ni vya kushika mimba."

Mama mtu aliacha kulia. "Mimba?" alisema. "Hivyo ndivyo vilivyomkataza mimba, wewe mwanamke. Dotori alimwambia asizae mpaka apone."

Mume alinipeleka nyumbani kwa gari. Ni mwendo mfupi. Nililipindua sanduku sakafuni, nguo za mabinti zikatawanyika, nikaipata bahasha. Nilipomkabidhi tabibu, alisoma yale maandishi juu yake, akanitazama, akakunja midomo. Usiache hata siku moja. Afadhali angenizaba kofi.

Alivisaga vidonge kwa kijiko, vingi kuliko vile vya siku zote kama daktari alivyoagiza, akavichanganya na maji, akavipitisha kwa mpira mwembamba wa puani kwa sababu mgonjwa hakuweza kumeza. Akatundika maji. Akachoma sindano. Akampa dawa ya moyo kidogo kidogo, mkono ukiwa kwenye mshipa muda wote. Mimi alinipa ndoo. Nililoweka kapulana, vitambaa vyetu vya kujifunga, katika maji ya kisima, nikakamua, nikamtandika kifuani, kwapani, mapajani, zikipata moto naloweka tena. Baada ya saa moja kupita alihesabu matone ya iodini kwa sauti. Adhana ya Ijumaa ilikuwa inaita, mume akatoka kwenda msikitini, na mimi sikuinua mgongo mpaka alasiri, wakati mwenzangu alipogeuza kichwa akamwita mama yake, akaomba maji.

Kesho yake ambulansi ilimchukua kwenda Pemba. Kabla hajapakiwa mume aliniambia maneno machache: akirudi mzima, yeye ndiye atakayeamua kama wewe unakaa kwangu. Nilisema sawa. Niliona ni haki. Nilikunja nguo za mabinti zangu upya na kwa wiki tatu sikuchomoa kitu kwenye lile sanduku, kwa sababu nilijua naweza kuambiwa nilibebe lilivyo.

Alirudi amevaa gauni lisilo na kola, shingo wazi, uvimbe unaonekana na mtu yeyote. Tulikaa uani baada ya alasiri: mume, kaka yangu, mama yake na mjomba wake, na sisi wawili kwenye mikeka tukitazamana. Mjomba alizungumza kwa urefu. Alisema mambo ya kweli. Mama mtu alisema mwanamke aliyeiba dawa leo kesho ataweka sumu. Mume akamgeukia mwenzangu akamuuliza anatakaje.

Bado alikuwa dhaifu, anavuta pumzi kabla ya kusema.

"Mama yangu nimelala naye kitanda kimoja, hakuona," alisema. "Wewe mume wangu hukuona. Huyu dada aliona nywele zangu kwenye kitana. Mkimwondoa, nikiumwa tena nani atajua? Akae."

Kaka yangu alishusha pumzi. Mjomba akasoma fatiha, watu wakafuta nyuso zao. Mimi nilitazama chini kwenye mkeka, na wote walidhani ni aibu. Aibu ilikuwepo. Lakini kilichonijaa mpaka kooni kilikuwa ni ule wivu wangu wa zamani, mkali kuliko siku zote, kwa sababu ningekuwa mimi niliyeulizwa, ningesema aende.